Kwao Carl Peters ni Ng'ambo ya Mto

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijanishinda nikafunganya virago, mhadhiri wetu wa historia alitupa kazi. Chagua mtu mmoja wa enzi ya ukoloni, andika kurasa kumi kumhusu. Wenzangu wakakimbilia majina makubwa ya Waingereza. Mimi nikamchagua Carl Peters, Mjerumani, kwa sababu moja tu: alipita kwetu. Mwaka wa 1889 aliupanda Mto Tana na bunduki zake, na mimi nimekulia kando ya mto huo, upande ambao ukitaka kwenda shambani unapanda mtumbwi.

Kurasa kumi sikuzimaliza. Chuo chenyewe sikukimaliza. Lakini daftari ninalo hadi leo, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Alizaliwa Neuhaus, kando ya Elbe, 27 Septemba 1856." Halafu hakuna kitu. Nadhani nilikusudia kueleza Neuhaus ni wapi nikaona ni kupoteza muda. Kwani mtu akikujia na bunduki, unamuuliza kwao kukoje?

Sasa nina muda. Basi hebu twende kwao.

Chukua ramani ya Ujerumani, tafuta Hamburg, kisha ufuate mto Elbe kurudi nyuma ulikotoka, kusini-mashariki, kama kilomita 70 hivi. Utaona mto unajipinda-pinda kwenye tambarare ya kijani, vijiji vidogo vidogo pande zote mbili. Ukingo wa kaskazini kuna eneo linaloitwa Amt Neuhaus. Amt ni neno la kale la utawala, mithili ya tarafa yenye ofisi yake. Neuhaus maana yake ni nyumba mpya, nayo "nyumba" hiyo ilikuwa ngome iliyojengwa karne ya 14 na ukoo wa watawala wa Sachsen-Lauenburg. Mpya ya miaka mia sita na zaidi. Ngome ilishatoweka, jina likabaki.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba 237, yaani kama theluthi moja ya Kaunti ya Nairobi. Wakazi hawatimii 5,000. Majumba machache tu ya kupanga pale Pipeline yanaweza kubeba manispaa nzima na nafasi ikabaki. Vijiji vyake vina majina ambayo ulimi wangu bado unajikwaa nayo: Dellien, Haar, Kaarßen, Stapel, Sumte, Tripkau, na Neuhaus yenyewe iliyo makao makuu. Kati yake kuna mashamba, malisho, misonobari, na vijito Krainke, Rögnitz na Sude vinavyotafuta njia ya kuingia Elbe.

Ardhi ni ya chini na ya mchanga. Karibu na kijiji cha Stixe kuna kilima cha mchanga mtupu, kama kile unachokiona Mambrui au Shela, isipokuwa hapo bahari haipo karibu. Ni mchanga ulioachwa na zama za barafu, upepo ukaurundika. Penye tope zuri la mto ndipo watu walipolima tangu zamani, na kwa sababu mto haumwombi mtu ruhusa, walijenga matuta marefu ya udongo kuuzuia. Kijiji cha Konau kinaonyesha vizuri walivyoishi: nyumba zimejipanga mstari mmoja sambamba na tuta, na kila nyumba shamba lake linaanzia nyuma, ukanda mwembamba mrefu unaokwenda mbali. Nyumba zenyewe ni kubwa, za nguzo za mbao na matofali, zilizojengwa ili watu, ng'ombe na mavuno vikae chini ya paa moja. Nilipoziona picha nikacheka. Watu wanaotudhihaki kwa kulala na mbuzi, kumbe.

Kiangazi korongo weupe huweka viota juu ya mapaa. Korongo wa upande huo wa Ulaya wengi hupita Uturuki, wakafuata Nile, wakaja kushinda Afrika Mashariki na Kusini wakati kwao ni baridi. Kwa hiyo kuna wakazi wa Elbe wanaotufahamu kuliko sisi tunavyowafahamu, na hawa hawakuwahi kumtia mtu sahihi kwenye karatasi.

Kuhusu mafuriko, mtu wa Tana haelezwi. Agosti 2002 Elbe ilifurika, ikafurika tena Juni 2013, watu wakijaza mifuko ya mchanga kwenye matuta usiku na mchana. Sisi hatuna matuta ya namna hiyo. Mto ukija, tunahama.

Lakini jambo lililonifanya nikae na mahali hapa miezi, badala ya jioni moja, si mchanga wala korongo. Ni mto wenyewe, na swali la kijinga ambalo watu wa huko wamejibiwa na wengine tangu zamani: nyinyi ni wa upande gani?

Mwaka wa 1689 mtawala wa mwisho wa Sachsen-Lauenburg alikufa bila mtoto wa kiume. Majirani kadhaa walidai urithi, lakini ukoo uliotawala Celle na Lüneburg, ng'ambo ya mto, ulitangulia kupeleka askari, ukachukua. Ndivyo ukingo wa kaskazini ulivyoanza kuamriwa kutoka kusini. Vita vya Napoleon vilipokwisha, wakubwa wakakaa kugawana Ulaya mwaka wa 1815. Lauenburg iliyobaki upande ule wa mto ikatolewa, mwishowe ikaangukia kwa mfalme wa Denmark. Kipande cha Neuhaus kikabakizwa kwa Hannover. Wakulima wa Konau walilala raia wa Hannover na kuamka hivyo hivyo, huku jirani zao wakibadilishiwa mfalme. Hapakuwa na aliyewauliza.

Hapo ndipo Carl Peters anazaliwa, mwaka wa 1856, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri wa Neuhaus, raia wa Ufalme wa Hannover. Mwaka wa 1866 Hannover ilisimama upande wa Austria katika vita na Prussia, ikashindwa. Prussia haikumwacha mfalme wa Hannover na taji lake, iliimeza nchi nzima. Sheria ya kuimeza ilitoka Septemba mwaka huo, wiki moja kabla mtoto wa mchungaji hajatimiza miaka 10.

Sehemu hii niliisoma mara tatu. Sitaki kumfanyia mtu huyu uanasaikolojia wa bei rahisi, kwamba eti aliumizwa utotoni ndiyo maana. Watoto wote wa Neuhaus waliona jambo hilo hilo na hawakuja Usagara. Ninachosema ni kwamba alijua mapema, na kwa macho yake, kuwa nchi inaweza kubadilishwa mwenyewe kwa karatasi na bunduki nyuma ya karatasi, na watu waliomo wakaendelea kukamua ng'ombe wao kesho yake. Alijifunza somo hilo kutoka upande wa wanaokamua ng'ombe. Kisha akachagua upande mwingine.

Yaliyofuata Watanzania wanafundishwa shuleni. Peters alisomea historia, akapata udaktari, akaishi London kwa mjomba wake akiwaonea Waingereza wivu. Mwaka wa 1884, akiwa na miaka 28, alifika Unguja na wenzake wachache, wakavuka kwenda bara, na kwa wiki chache za Novemba na Desemba wakakusanya mikataba Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Mmoja wa waliowekewa karatasi mbele yao ni Mangungo wa Msovero. Karatasi zilisema ardhi yote na haki zote za utawala zimepewa kampuni ya Peters, milele. Milele! Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser alitia sahihi barua ya ulinzi. Hivyo ndivyo Ujerumani ilivyopata mlango wa Tanganyika.

Kwetu alikuja Juni 1889. Kisingizio kilikuwa kumwokoa Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyekuwa amekwama bara huko karibu na Ziwa Albert. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, Peters akazikwepa, akashukia Ghuba ya Kwaihu upande wa Lamu, akaenda Witu, kisha akaupanda Tana. Alipopita aliacha njaa na moto. Mahali palipoitwa Oda Boru Ruva, kwa Waoromo, alijenga kituo, akapandisha bendera ya Ujerumani, kisha ukazuka ugomvi ambao sultani wao aliuawa. Akaendelea hadi Umasaini, bunduki hazikunyamaza. Yote hayo hakuyaficha. Aliyaandika kwenye kitabu na kujisifu. Na Emin Pasha? Alishaondoka zamani na Stanley, wakatokea Bagamoyo Desemba ya mwaka huo huo. Peters alivuka nchi nzima akimwaga damu kumwokoa mtu ambaye hakuwepo.

Alipofika Uganda alimtia Mwanga kwenye mkataba mwingine, akarudi pwani akijiona shujaa. Julai mosi 1890 Ujerumani na Uingereza zikatia sahihi mkataba wao: Witu na Uganda kwa Mwingereza, Helgoland, kisiwa kidogo cha mawe mbele ya mlango wa Elbe, kwa Mjerumani. Karatasi zote za Peters za safari ile zikawa takataka. Mto wa kwao ulimalizikia kwenye malipo ya mto wetu. Sikuwahi kufundishwa hivyo, na sijui kama kuna mtu huko Neuhaus aliyefundishwa.

Mwaka uliofuata alipewa ukamishna wa Kilimanjaro. Huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na Januari 1892 akamnyonga Jagodja, msichana wa Kichaga aliyekuwa amemweka ndani na ambaye alitoroka. Habari zilifika bunge la Ujerumani, August Bebel akazisoma mbele ya wote mwaka wa 1896, na mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi ya serikali. Akahamia London. Huku aliachiwa jina Mkono wa Damu. Kwao, baada ya muda, Kaiser alimrudishia cheo chake na baadaye pensheni. Alikufa Septemba 1918. Wanazi wakamfufua: mwaka wa 1941 walimtengenezea filamu nzima.

Nilidhani hadithi ya Neuhaus inaishia hapo, kama hadithi ya kitanda alimozaliwa mtu mbaya. Kumbe ilikuwa inaanza.

Mwishoni mwa Aprili 1945 wanajeshi wa Marekani, wa kikosi cha 82 cha miavuli, walivuka Elbe pale Bleckede na kushukia ukingo wa Neuhaus. Vita vikaisha wiki moja baadaye. Washindi walikuwa wameshakubaliana tangu 1944 kwamba kanda zao zitafuata mipaka ya zamani ya majimbo. Neuhaus lilikuwa eneo la mkoa wa Hannover, kwa hiyo lilikuwa la Mwingereza. Shida ikawa mto. Daraja la Dömitz lilikuwa limelipuliwa Aprili hiyo hiyo, na Mwingereza akajiuliza atakipelekeaje chakula na askari kipande cha ardhi kilichoko ng'ambo, bila daraja, mgongo wake umekabiliana na Mrusi. Akaona tabu. Julai mosi 1945 Neuhaus ikakabidhiwa kwa Warusi.

Soma tena. Kilichowapeleka hakikuwa vita wala kura, hata itikadi haikuhusika. Ni daraja tu. Ofisa alitazama ramani, akaona kipande kinachomsumbua kukifikia, akakitoa.

Na huo mstari, ambao mwanzoni ulionekana kama wa muda tu, ukageuka kuwa mpaka mkali kuliko yote duniani. Upande wa kusini Ujerumani Magharibi, upande wa kaskazini Ujerumani Mashariki, kati yao Elbe, zaidi ya kilomita 90 za maji kutoka Schnackenburg hadi Lauenburg. Ukiwa Darchau unaona wazi moshi wa jikoni wa Neu Darchau. Unasikia kengele ya kanisa lao. Huendi.

Mei 1952 serikali ya Mashariki ilitangaza ukanda wa kilomita 5 kando ya mpaka wote. Kuishi ndani yake kulihitaji muhuri kwenye kitambulisho, na shangazi yako akitaka kuja harusini alihitaji kibali. Mwezi uliofuata wakaanza kuwahamisha watu wasioaminika. Nani asiyeaminika? Mwenye shamba kubwa, mwenye ndugu ng'ambo, mwenye mdomo, mwenye jirani aliyemwonea wivu. Lori linakuja alfajiri, unapewa saa chache kufunga mizigo, unapelekwa mbali bila kuambiwa wapi. Kwenye mpaka mzima wa Mashariki na Magharibi, watu zaidi ya 8,000 walihamishwa mwezi ule. Oparesheni hiyo ilijulikana kwa jina la Ungeziefer. Tafsiri yake ni wadudu waharibifu. Chawa, kunguni, panya. Oktoba 1961, miezi miwili baada ya ukuta wa Berlin, ikafuata awamu ya pili.

Vijiji vya ukingoni, Konau na wenzake, vilipoteza familia ambazo zilikuwa hapo kwa vizazi. Nyumba zilizoachwa tupu nyingi zilibomolewa ili askari wa mpakani waone vizuri. Ikajengwa seng'enge, kisha ua wa chuma, minara ya ulinzi, mbwa. Baadhi ya minara bado imesimama kando ya tuta. Kituko kilichokuwa jirani tu, upande wa Dömitz, ni kijiji cha Rüterberg kilichozungushiwa ua pande zote hadi wakazi wakawa na lango moja linalofungwa usiku. Tarehe 8 Novemba 1989 wakakutana na kutangaza kijiji chao kuwa jamhuri. Ukuta wa Berlin ulianguka kesho yake. Ningependa kuwa kwenye mkutano ule.

Kuna ubishi mmoja wa enzi hiyo nilioupenda kama mtu wa mtoni. Mpaka ulikuwa wapi hasa? Mashariki walisema katikati ya maji. Magharibi walisema la, ukingo wa kaskazini, maji yote yetu. Wanasheria waliandika vitabu kwa miaka 40 kuhusu jambo hilo, boti za doria zikasukumana, na halikuamuliwa kamwe, hadi nchi moja ikafa na swali likafa nalo. Bibi yangu amelima kingo zote mbili za Tana maisha yake yote. Nilipomweleza akaniuliza, "Na samaki walikuwa wa nani?"

Ukingo uliofungwa unabaki jinsi ulivyokuwa. Kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kujenga, Konau ilibaki na nyumba zake za mbao na mashamba ya ukanda, na nyasi za mtoni zikabaki kwa ndege. Leo eneo hilo limo katika hifadhi ya mazingira inayotambuliwa na UNESCO, watalii wanakuja na baiskeli kuona jinsi palivyo patulivu. Wanapiga picha utulivu ambao wengine waliulipia kwa kupakiwa kwenye lori. Sisemi wasije. Nasema tu mtu anayepiga picha ajue.

Ujerumani ilipoungana Oktoba 1990, Neuhaus ilijikuta ndani ya jimbo la Mecklenburg-Vorpommern, kwa sababu wilaya yao ya Mashariki ilikuwa ya huko. Watu wa huko wakasema hapana, sisi ni wa Hannover, rudisheni. Yakaanza mazungumzo, madiwani wakapiga kura, majimbo mawili yakaandikiana mkataba, na tarehe 30 Juni 1993 Amt Neuhaus ikarejea Niedersachsen, jimbo lililorithi Hannover, chini ya wilaya ya Lüneburg kama zamani. Miaka 48 kasoro siku moja. Ndipo vijiji vilipounganishwa kuwa manispaa moja. Nimezisoma karne tatu za hadithi hii na huo ndio mwaka wa kwanza ninaoona wenyeji wakiulizwa.

Walirudi, ila mto haukusogea. Makao makuu ya wilaya yako Lüneburg, ng'ambo, na katika manispaa nzima hakuna daraja hata moja la kuvuka Elbe. Daraja la barabara la Dömitz lilifunguliwa tena Desemba 1992, nje ya mpaka wao upande wa mashariki. La reli lililokuwa karibu nalo halikujengwa tena, matao yake yamesimama kwenye nyasi upande wa magharibi yakielekea kusikofikika. Upande mwingine kuna daraja la Lauenburg, mbali. Katikati kuna feri mbili za magari: moja Bleckede, nyingine Darchau, hii ya pili inaitwa Tanja. Usiku zinalala. Maji yakijaa sana zinasimama, yakipungua sana zinasimama, barafu ikija zinasimama. Hapo mtu aliye umbali wa kutupa jiwe kutoka anakokwenda anazunguka kilomita na kilomita.

Daraja la Darchau limeahidiwa tangu waliporudi. Zaidi ya miaka 30 sasa. Wanaolitaka wanasema hatuwezi kuwa raia nusu, wengine wanataja gharama, ndege, barabara itakayopita katikati ya kijiji chao cha kusini, malori. Wanasiasa wanakuja wakati wa kura wanasimama ukingoni, wanaonyesha kidole ng'ambo. Nikisoma habari hizo huwa nasahau niko kwenye ukurasa wa nchi gani.

Kisha mwaka wa 2015 Sumte ikaingia kwenye magazeti ya dunia. Sumte ni kijiji cha wakazi kama mia moja, hakina duka. Mwaka ule wakimbizi walikuwa wanaingia Ujerumani kwa malaki, wengi kutoka Syria, na serikali ya jimbo ikaona kwamba pembeni mwa Sumte kuna majengo ya ofisi yaliyokuwa yamebaki matupu. Wakapeleka ujumbe: tunawaletea watu 1,000. Baada ya kelele idadi ikashuka hadi 750. Watu mia, wageni 750. Waandishi wakamiminika kutoka kila pembe kungoja ghasia, na watu wa siasa za chuki nao walikuja wakitumaini moto. Kulikuwa na mkutano mkali, watu wakauliza kuhusu maji taka, taa za barabarani, usalama. Maswali ya kawaida ya watu ambao kwa mara nyingine wamepelekewa uamuzi uliokwisha kufanywa. Wageni wakaja, kituo kikaendeshwa, baadhi ya wenyeji wakapata kazi humo, moto uliotabiriwa haukuwaka. Baadaye wakimbizi walipopungua kituo kikafungwa, Sumte ikarudia ukimya wake.

Hapa nakiri kitu. Nilipoanza kutafuta kwao Peters nilikuwa nataka kuchukia mahali. Nilikuwa nataka nikute mnara wake, bustani yenye maua, watu wanene wasiojua jina la Jagodja, niandike insha yenye hasira ambayo ningeweza kumtumia yule mhadhiri. Badala yake nimekutana na watu waliopitishiwa mstari juu ya vichwa mara tano, walioitwa wadudu na serikali yao, wanaongoja daraja. Hasira yangu kwa Peters haikupungua hata chembe. Kama kuna kitu, imeongezeka, kwa sababu siwezi tena kujiambia kwamba hakujua alichokuwa anawafanyia wengine.

Ujerumani kwenyewe jina lake linafutwa polepole. Hannover iliiondoa kwenye uwanja wake mmoja mwaka wa 1994, ukapewa jina la Bertha von Suttner, mwanamke aliyepigania amani. Berlin, mtaa wa Wedding, kulikuwa na barabara ya Petersallee. Walihangaika nayo miaka mingi, mara wakasema siku hizi inamhusu Peters mwingine, hadi Agosti 2024 sehemu yake moja ilipoitwa Anna-Mungunda-Allee na nyingine Maji-Maji-Allee. Maji Maji, kwenye kibao, Berlin. Bibi alipoona picha hiyo kwenye simu yangu hakusema kitu, alirudisha simu akaendelea kuchambua mchicha.

Mahali palipoitwa Oda Boru Ruva nimepatafuta kwenye ramani ya simu, sikupata. Neuhaus unaivuta hadi unaona kila paa.

Siku hizi nina tabia isiyo na faida yoyote. Pale Neu Darchau kuna kipimo cha kina cha mto, na namba zake hutolewa kila siku kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuona. Jana usiku, baada ya kuzima taa, nilichungulia. Maji yalikuwa yameshuka, na yanaendelea kushuka. Nikawaza kuna mtu Kaarßen mwenye shughuli Lüneburg asubuhi, itabidi aamke mapema azungukie Dömitz.